Mwongozo wa Kuondoa Takwimu Hewa Chuoni

Chuo kikuu hukusanya takwimu kwa bidii ileile kinayokusanyia ada. Muhula ukifika ukingoni kuna madodoso ya tathmini ya ufundishaji, madaftari ya mahudhurio, alama za majaribio, alama za mtihani wa mwisho, ripoti ya mtahini wa nje, orodha ya wenye sapu, orodha ya waliobeba kozi na orodha ya waliodisko, yaani waliofutwa masomo. Kila kimoja kimekula muda wa mtu. Baada ya hapo vyote huhamia kwenye kompyuta ya ofisi ya uthibiti ubora na kukaa humo mithili ya watumishi hewa: kwenye orodha wamo, kazini hawaonekani. Jopo la ukaguzi likitangaza ugeni ndipo huvalishwa chati za rangi saba, hupangwa mstari wa mbele, kisha hurudishwa kabatini.

Mtumishi hewa tunajua hufanywaje. Huitwa kwa jina, huulizwa anafanya kazi gani, na asipokuwa na jibu jina lake hufutwa. Mwongozo huu unataka takwimu za chuo zihakikiwe vivyo hivyo. Umeandikwa kwa mhadhiri, kwa Mkuu wa Idara, kwa afisa uthibiti ubora, na kwa mwanafunzi aliyechoka kubofya "nakubaliana" mara thelathini ili mfumo umfungulie matokeo yake. Sharti lake ni moja: takwimu ya ufundishaji ina haki ya kuwepo endapo tu kuna jambo darasani litafanyika tofauti kwa sababu yake.

Hatua ya kwanza: Mpe majukumu kabla ya kumpa meza

Usianze na dodoso. Anza na swali linalokunyima usingizi. Tuchukue kozi moja na tuibebe hadi mwisho wa mwongozo: Uhasibu wa Awali, wanafunzi 600, ukumbi mmoja, kipaza sauti kimoja chenye hasira zake. Mwalimu wa Uhasibu wa Kati analalamika kila mwaka kwamba wanafunzi wanaomfikia wamefaulu kozi ya awali, lakini ukiwaambia wakokotoe uchakavu wa gari la kampuni wanakutazama kana kwamba umeuliza njia ya kwenda Kigoma.

Hilo ni swali: kwa nini waliofaulu uchakavu kwenye karatasi hawauwezi mwaka unaofuata? Liandike kwenye kipande cha karatasi, na chini yake andika mistari mitatu. Nani ataamua baada ya kupata jibu? Jibu likiwa hivi, atafanya nini? Likiwa vile, atafanya nini? Ukiona majibu yote mawili yanaishia kwenye "tutaendelea kuboresha", funika kalamu. Hakuna takwimu ya kukusanya hapo, na wanafunzi 600 wamesalimika.

Vyombo vya usimamizi vimelisema hili kwa lugha ya kiofisi kwa muda mrefu. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania iliundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005; Kenya ina tume yake kwa sheria ya 2012, na Uganda baraza lake kwa sheria ya 2001. Juu ya vyombo hivyo lipo Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, ambalo mwongozo wake wa ubora unaitaka programu ijitathmini yenyewe kwanza, ndipo watathmini wa nje waje. Mpangilio huo una maana kubwa. Idara ndiyo inayopaswa kujiuliza maswali magumu kabla mgeni hajayauliza. Idara inayojaza fomu ya kujitathmini usiku wa kuamkia ugeni imemwandikia mgeni insha tu.

Hatua ya pili: Lisaili dodoso kabla ya kuliamini

Dodoso la wanafunzi ndilo mtumishi mkongwe kuliko wote. Katika Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, mwanasaikolojia Herman Remmers alikuwa akiunda mizani ya wanafunzi kuwapima walimu wao tangu miaka ya 1920. Mtumishi wa karne nzima anastahili heshima, na anastahili pia kuulizwa maswali machache kuhusu kazi zake za nyuma.

Swali la kwanza: unaweza kutofautisha mwalimu na mwigizaji? Mwaka 1970 watafiti wa Marekani walimkodi mwigizaji, wakamwita "Daktari Fox", wakampandisha jukwaani mbele ya wataalamu wa afya ya akili na ustawi wa jamii. Alitoa mhadhara uliojaa maneno ya kubuni na hoja zilizopingana zenyewe kwa zenyewe, ila aliutoa kwa bashasha na vichekesho. Wasikilizaji walimpa alama nzuri. Matokeo yalichapishwa mwaka 1973.

Swali la pili: unahongeka? Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2018 uliwagawa wanafunzi 118 wa udaktari katika makundi 20. Nusu ya makundi yaliwekewa biskuti za chokoleti wakati wa kipindi. Makundi ya biskuti yaliwapa walimu alama za juu zaidi, na hata nyenzo za kozi yalizisifia zaidi.

Swali la tatu: una upendeleo? Mwaka 2015 watafiti walichapisha jaribio lililofanyika kwenye kozi ya mtandaoni ya Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina. Walimu wasaidizi wawili, mwanamume na mwanamke, kila mmoja alifundisha kundi moja kwa jina lake na kundi jingine kwa jina la mwenzake. Aliyeaminika kuwa mwanamume alipata alama za juu, awe nani kwa kweli. Kazi za wanafunzi zilirudishwa kwa wakati uleule, lakini kwenye kipengele cha kurudisha kazi kwa wakati, jina la kike lilipewa alama ya chini. Lilikuwa jaribio dogo, la wanafunzi 43, na linatosha kumnyima usingizi mwenyekiti yeyote wa kamati ya kupandisha vyeo.

Swali la nne ndilo linalotuhusu zaidi kwenye Uhasibu: unajua nani amejifunza? Katika Chuo cha Jeshi la Anga la Marekani wanafunzi hupangiwa walimu bila kuchagua na hufanya mtihani mmoja. Wachumi Scott Carrell na James West waligundua, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, kwamba walimu ambao wanafunzi wao walipata alama za juu kwenye kozi ya kwanza ya hesabu walisifiwa kwenye madodoso, lakini wanafunzi haohao walifanya vibaya zaidi kwenye kozi zilizofuata. Mwaka 2019, huko Harvard, utafiti kwenye madarasa ya fizikia ulionyesha kwamba wanafunzi waliofanyishwa kazi darasani walijifunza zaidi, huku wakihisi wamejifunza kidogo kuliko wenzao waliokaa wakasikiliza mhadhara mtamu. Kazi ngumu ya kujifunza huchosha, na aliyechoka hudhani hakufundishwa.

Basi tulifukuze dodoso? Hapana. Mwaka 2018 msuluhishi wa mgogoro wa kazi nchini Kanada aliamua kwamba chuo kikuu kilichoitwa wakati huo Ryerson kisitumie alama za madodoso kupima ubora wa ufundishaji katika kupandisha vyeo. Lakini alikubali kwamba wanafunzi wana mengi ya kueleza kuhusu walichokiishi darasani. Hapo ndipo penye kazi halali ya dodoso. Mwanafunzi ni shahidi wa alichokiona na kukisikia. Hajaitwa kuwa hakimu wa asichokijua bado.

Kwa hiyo futa swali la "Mwalimu ana umahiri wa kutosha katika somo lake". Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angejuaje? Angekuwa anajua kiasi hicho tungempa kozi aifundishe yeye. Futa pia neno "kwa ujumla" popote ulipoliandika. Weka maswali ya kuhesabika, kwa sababu upendeleo hupata nafasi kubwa pale mtu anapoombwa kupima na nafasi ndogo pale anapoombwa kuhesabu:

Jaribio la kwanza ulirudishiwa baada ya wiki ngapi? Lilirudi na maelezo ya makosa yako, au na alama tupu? Wiki iliyopita ulikaa wapi ukumbini, na ulimsikia mwalimu? Semina yako ilifanyika mara ngapi kati ya wiki hizi tano? Ni mada gani moja hukuielewa? Ulitumia saa ngapi wiki hii kwa kozi hii nje ya kipindi?

Hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Kwa utaratibu wa Tanzania, krediti moja ni saa 10 za mwanafunzi, kwa hiyo kozi ya krediti 12 inadai saa 120: mihadhara, semina, kusoma na mitihani yote ndani yake. Ukikuta wanafunzi wengi, ukijumlisha na vipindi, wanatumia nusu ya saa hizo, kozi yako imejaa hewa. Ukikuta wanatumia mara mbili, umewaibia kozi nyingine.

Na dodoso hilo litoke wiki ya tano. Dodoso la wiki ya kumi na tano humsaidia mwanafunzi mwingine ambaye hata hajadahiliwa.

Hatua ya tatu: Wape kazi waliolala kabatini

Takwimu bora kuliko zote za ufundishaji tayari zimo mikononi mwa mwalimu, zimeandikwa kwa kalamu nyekundu. Ni karatasi za mtihani. Tatizo ni kwamba tunapeleka jumla kwenye mfumo na kuufungia ushahidi wote uliobaki ndani ya gunia.

Fanya hivi. Usahihishapo, ingiza alama ya kila swali peke yake, hata kama ni kwa sampuli ya karatasi 100 kati ya 600. Panga karatasi kutoka jumla ya juu hadi ya chini. Chukua robo ya juu na robo ya chini. Kwa kila swali, uliza ni wangapi walipata katika kila robo.

Tuseme swali la urari limejibiwa kwa usahihi na karibu wote wa juu na wachache wa chini. Swali hilo linatenganisha anayejua na asiyejua, litunze. Swali la uchakavu limejibiwa kwa usahihi na robo zote mbili karibu kwa kiwango kilekile. Hapo pana moshi. Ama limerudiwa kutoka mitihani ya nyuma na jibu lake limo kwenye madesa yanayouzwa duka la fotokopi nje ya geti, ama linataka fomula tu na kila mtu ameikariri. Ukikuta swali ambalo robo ya chini imeishinda robo ya juu, soma upya maneno yake, kisha soma upya mwongozo wako wa usahihishaji. Mara nyingi kosa liko kwenye mojawapo, na wanafunzi bora wameadhibiwa kwa kufikiri.

Kwa kozi yetu, hapo ndipo jibu linapoanza kuonekana. Swali la uchakavu limekuwa likiuliza jambo moja kwa namba tofauti mwaka baada ya mwaka. Wanafunzi wamefaulu swali. Uchakavu wenyewe bado hawajakutana nao.

Halafu weka alama za kazi za muhula kando ya alama za mtihani wa mwisho. Katika vyuo vingi vya Tanzania 40 hutoka kwenye kazi za muhula na 60 kwenye mtihani. Mwanafunzi mwenye 36 kati ya 40 na 19 kati ya 60 amefaulu, lakini namba zake mbili hazisalimiani. Wakiwa watano, ni habari zao. Wakiwa mia mbili, ni habari ya kozi: pengine kazi ya kikundi ilifanywa na mtu mmoja kwa niaba ya kumi, pengine jaribio lilipima mada tatu rahisi za mwanzo, pengine mtihani ulipima ambacho hakikufundishwa. Mkuu wa Idara, ukiona hivyo usianze na barua ya kujieleza. Anza na kikombe cha chai na karatasi zenyewe mezani.

Mtahini wa nje naye aachwe afanye kazi yake. Anasafiri siku nzima, anasoma karatasi, anaandika ripoti, na ripoti hiyo husomwa kwenye kikao ili ionekane imesomwa. Chukua ripoti zake za miaka mitatu, zisome kwa mkupuo mmoja, na pigia mstari pendekezo lililojirudia. Hilo lililojirudia ni deni la idara.

Mwisho, muombe mwalimu wa kozi inayofuata akae nyuma ya ukumbi wako kipindi kimoja, nawe ukae kwake. Mpatane jambo moja la kutazama, kwa mfano: kila mwalimu alipouliza "mmeelewa?", alisubiri sekunde ngapi kabla ya kuendelea? Namba hiyo itawashtua nyote wawili.

Hatua ya nne: Usimsikilize Wastani akiwa peke yake

Wastani ni mtumishi mwenye adabu nyingi mno. Hapendi kumuudhi mtu. Ukimpa darasa ambalo wote wamejibu 3 kati ya 5, atakwambia 3. Ukimpa darasa ambalo nusu wamejibu 5 na nusu wamejibu 1, atakwambia 3, kwa sauti ileile tulivu. Darasa la kwanza limepooza. La pili limegawanyika, na pengine linagawanyika kwa safu za viti: wa mbele wanasikia, wa nyuma wanatazama midomo. Kwa hiyo kila wastani uletwe pamoja na mtawanyiko wake: wangapi 1, wangapi 2, hadi 5. Ripoti inayosema mwalimu mmoja ana 4.12 na mwenzake 4.09, kisha ikawapanga wa kwanza na wa pili, irudishwe ilikotoka.

Jumla nayo ina hila zake. Mwaka 1973 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilidahili karibu asilimia 44 ya wanaume walioomba masomo ya uzamili na asilimia 35 ya wanawake. Ilionekana dhahiri kwamba wanawake wanaonewa. Watafiti walipofungua takwimu idara kwa idara, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1975, idara nyingi hazikuonyesha pengo hilo, na upendeleo mdogo uliobaki ulielemea upande wa wanawake. Wanawake wengi walikuwa wameomba idara zenye nafasi chache, ambako kila mtu hukataliwa.

Basi ukiambiwa wanafunzi wa jioni wanafeli kuliko wa asubuhi, usikimbilie kumhoji mwalimu wa jioni. Wagawe kwanza kwa mchepuo waliotoka nao sekondari, kwa walioajiriwa na wasioajiriwa, kwa waliohudhuria semina na wasiohudhuria. Huenda mwalimu wa jioni ndiye anayefanya muujiza. Mkuu wa Idara anayewalinganisha walimu kwa jumla tupu anafanya hesabu ambayo Berkeley ilikwisha kuitolea onyo nusu karne iliyopita.

Hatua ya tano: Watafute wasiojibu

Tuseme dodoso la Uhasibu limejibiwa na 150 kati ya 600. Usiandike "wanafunzi wanaridhika". Andika "waliojibu wanaridhika", kisha nenda ukawatafute 450. Miongoni mwao wamo waliokuwa na la kusema na wamechoka kusema. Wamo waliohama ukumbi kimyakimya tangu wiki ya tatu. Wamo ambao boom, yaani fedha za mkopo za kujikimu, limechelewa, nauli imekwisha, na wanasoma kwa picha za ubao zinazotumwa kwenye kundi la WhatsApp na kiongozi wa darasa.

Kuwalazimisha wajaze kwa kuwafungia matokeo hakutibu kitu. Utapata majibu 600, na mengi yatakuwa safu moja iliyonyooka ya nne, nne, nne, kutoka juu hadi chini, kazi ya sekunde ishirini na tano. Afadhali uchukue majina 30 kwa bahati nasibu kutoka kwenye daftari la usajili, umpe msaidizi ambaye hasahihishi kozi hiyo, awapigie simu. Swali liwe moja: "Ni kitu gani kinachokuzuia zaidi kujifunza kozi hii?" Mazungumzo thelathini ya kweli yana thamani kuliko safu mia sita za nne.

Chuo Kikuu cha Jimbo la Georgia, mjini Atlanta, kimekuwa mfano maarufu wa kuwatafuta wanaopotea kimyakimya. Tangu mwaka 2012 kimetumia mfumo unaofuatilia viashiria zaidi ya 800 kwa kila mwanafunzi na kuonyesha nani anaanza kuteleza. Wageni wengi huenda huko kutazama kompyuta. Wangetazama zaidi watu. Chuo kiliajiri washauri wa wanafunzi kwa wingi, na tahadhari inapotokea kuna mtu mwenye jina anayepiga simu. Kilianzisha pia ruzuku ndogo kwa wanafunzi wanaokaribia kufutiwa usajili kwa sababu ya deni dogo lililobaki. Kompyuta ilisema ni nani. Mshauri na fedha ndivyo vilivyomwokoa. Chuo kinachotaka kununua mfumo wa namna hiyo kijibu kwanza swali hili: taa nyekundu ikiwaka jina la mwanafunzi, simu ya nani italia?

Hatua ya sita: Usimtundikie mtumishi huyu mshahara wa mwenzake

Mwanauchumi wa Uingereza Charles Goodhart alionya mwaka 1975, akizungumzia sera za fedha, kwamba kipimo hupoteza uaminifu wake mara tu unapoanza kukitumia kama chombo cha udhibiti. Mwaka 1997 mwanaanthropolojia Marilyn Strathern alilichukua onyo hilo na kuliingiza chuoni, akiandika kuhusu ukaguzi wa vyuo vikuu vya Uingereza. Onyo limetufikia sote.

Fungamanisha alama za dodoso na cheo, mtihani utakuwa rahisi. Fungamanisha asilimia ya ufaulu na bajeti ya idara, na F zitageuka D kabla ya kikao cha bodi. Fungamanisha mahudhurio na sifa za mwalimu, utaona sahihi sita zenye mwandiko mmoja. Katika hali zote hizo namba zitapanda, ripoti itapendeza, na mwalimu wa Uhasibu wa Kati ataendelea kutazamwa kwa macho yaleyale.

Kwa hiyo tenganisha makabrasha mawili. Moja ni la kujifunza: humo mwalimu anaweka takwimu zake, hata zinazomuumbua, na anazungumza nazo na wenzake bila hofu. Jingine ni la kupandishwa cheo, na humo mwalimu anaweka ushahidi wa namna mbalimbali alioukusanya mwenyewe: alichogundua, alichobadilisha, kilichotokea. Mficha uchi hazai, na mwalimu anayejua kwamba udhaifu wake utasomwa kwenye kikao cha vyeo atauficha.

Kuna jambo moja lisilongoja wastani. Mwanafunzi akiandika kwenye maoni kwamba ametakiwa kimapenzi ili apewe alama, hilo si pointi ya takwimu. Ni kosa la jinai, na kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya Tanzania ya mwaka 2007 kinalitaja waziwazi. Lazima mtu mwenye dhamana asome maoni yote siku yanapoingia, na njia ya kulipeleka shauri hilo iwe imeandaliwa kabla dodoso halijatoka. Chuo kinachompa mwanafunzi nafasi ya kueleza dhuluma kisha kikaitia kwenye jedwali kimemdhulumu mara ya pili.

Hatua ya saba: Funga mlango wa kabati

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ina yake ya 2019. Matokeo ya mwanafunzi, simu yake na deni lake ni taarifa binafsi. Jedwali lenye namba za usajili na alama lisizurure kwenye kundi la WhatsApp la idara kwa kisingizio cha haraka.

Kumbuka pia kwamba katika darasa la watu saba, maoni yasiyo na jina yana jina. Mwalimu anajua ni nani huandika "kwa hakika" kila sentensi ya pili. Kwa madarasa madogo, subiri mihula miwili au mitatu ndipo uunganishe maoni, au mtu wa tatu ayafanyie muhtasari. Ahadi ya usiri ikivunjwa mara moja, habari itaufikia mwaka wa kwanza kabla ya ripoti kuifikia ofisi ya Makamu Mkuu wa Chuo.

Hatua ya nane: Rudisha jibu kwa aliyelitoa

Kati ya hatua zote, hii ndiyo huachwa mara nyingi zaidi, na bila hii nyingine zote ni bure. Wiki ya tano umeuliza. Wiki ya sita simama mbele ya ukumbi, dakika tano kabla ya kuanza mada, useme: "Mmesema wa nyuma hawasikii. Kuanzia leo kipaza sauti cha pili kipo. Mmesema jaribio lilirudi na alama tupu. Nimeandaa ukurasa mmoja wa makosa kumi yaliyojirudia, kiongozi wa darasa anao. Mmeomba semina zihamishwe kutoka Ijumaa mchana. Hilo sikuliweza, na sababu ni hii." Sentensi ya mwisho ina thamani sawa na zilizotangulia. Mwanafunzi akipewa sababu anajua kwamba alisomwa.

Kwa swali letu la uchakavu, walimu wa kozi mbili wakae pamoja kabla ya muhula kuanza. Watunge swali jipya: wampe mwanafunzi magari mawili, moja la shamba na moja la ofisi, aamue mbinu gani ya uchakavu inafaa kila moja na aeleze kwa nini. Liwekwe kwenye jaribio la Uhasibu wa Awali. Kisha swali la aina hiyohiyo liwekwe wiki ya kwanza ya Uhasibu wa Kati, bila kutolewa alama, kupima kilichobaki kichwani. Mwaka unaofuata linganisheni. Mna swali moja, kipimo kimoja, badiliko moja. Huo ni uthibiti ubora kamili, na umetoshea kwenye ukurasa mmoja.

Hatua ya tisa: Fanya uhakiki

Kila mwaka, kamati ya idara ichukue orodha ya takwimu zote inazokusanya na kuuliza kwa kila moja: mwaka huu umebadilisha nini darasani? Iliyo na jibu ibaki. Isiyo na jibu ipewe mwaka mmoja wa matazamio. Ikirudi mikono mitupu, ifutwe, hata kama fomu yake ina nembo ya chuo na imekuwepo tangu enzi za mashine ya chapa.

Wapo watakaosema wakaguzi wataidai. Wakaguzi wakija wakute faili jembamba: maswali manne, ushahidi wake, yaliyobadilishwa, na yaliyoshindikana pamoja na sababu zake. Kisha muwaombe waingie darasani, wachague mwanafunzi yeyote, wamuulize kama aliwahi kutoa maoni na maoni hayo yakabadilisha kitu. Akiweza kukitaja kitu hicho kwa jina, chuo kimefaulu ukaguzi. Asipoweza, hakuna chati itakayojibu kwa niaba yake, na kazi ianze upya kutoka hatua ya kwanza.